Mtani Aliyeiteka Bembea Yetu

Naanza na mbuzi. Habari za mbuzi hazimo katika nilichotaka kuandika, lakini nikianza kwingine napotea, kwa hiyo nivumilieni.

Kwetu ni uwandani, chini ya vilima vya Kilosa. Enzi za Mwingereza baba alikuwa na beberu mweusi mwenye ndevu, na beberu huyo alipenda nguo kuliko majani. Si kwamba alikuwa na njaa, ni tabia tu. Alikula kilemba cha baba mkubwa. Alikula pindo la kanga ya bibi, bibi mwenyewe akiwa ameivaa anapepeta mpunga. Mimi ndiye niliyekuwa mchungaji wake, nikitoka shule. Nilikuwa darasa la pili, na mwalimu wetu alikuwa na kaptura moja nyeupe aliyoifua kila Jumamosi na kuianika juu ya ua. Basi Jumamosi moja nilikwenda kuogelea mto Mkondoa, nikamwacha beberu peke yake, na niliporudi nikamkuta amesimama kwenye ua wa mwalimu, mguu mmoja wa kaptura umeshaingia tumboni, anaanza wa pili.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani amevaa shuka. Akauliza, "Nani hapa kwao kuna mbuzi mweusi?" Sasa sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba ukijua jibu unanyoosha mkono. Na mimi majibu niliyowahi kuyajua yalikuwa machache sana. Nikanyoosha mkono haraka, kwa furaha kabisa. Nilipoona fimbo inashuka kutoka juu ya kabati ndipo nilipoelewa swali. Darasa lile lilikuwa na dirisha pana. Nilitokea hapo, na elimu yangu ikaishia hapo, ndiyo maana maandishi yangu yanakwenda hivi kama yanachechemea.

Baba hakunirudisha. Alisema kama siwezi kulinda mbuzi, basi nijifunze kumfunga. Akaniketisha na fungu la katani, akanifundisha kusokota kamba juu ya paja. Nilisokota miaka. Paja langu la kulia mpaka leo halina hata unywele mmoja. Watoto wangu walipokuwa wadogo walikuwa wakiniuliza kama nimezaliwa hivyo, nami nawaambia ndiyo, nusu kuku.

Kamba ndiyo iliyonipa kazi. Nikiwa kijana nilichukuliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba, nisokote kamba za kufungia mizigo. Huko ndiko nilikokutana na mtani.

Niwaeleze huyu mtani vizuri, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, amekuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kabla mimi sijapata ndevu. Mimi Msagara. Na sisi na wao ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani wako anakutukana mbele ya mkweo, nawe unacheka. Anaingia kwako, anachukua jogoo, unamsindikiza mlangoni. Ukikasirika, umejivunjia heshima mwenyewe. Nilishamwona mtani huyu msibani, kaburi limechimbwa, waombolezaji wamesimama, yeye akashuka mle ndani akalala chali, akasema pazuri, pana ubaridi, hatoki mpaka apewe kitu. Mjane akacheka machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo.

Kila mwaka alikuwa akisema, "Mwakani narudi kwetu Tabora." Mwakani ukifika, anasema tena. Tulimzoea. Na mkonge ulipoanza kuwa hauna bei na watu wakapunguzwa shambani, alijenga kibanda karibu na kwetu, akawa jirani.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sitaki kusema mengi hapo. Wengine wameyasema kwa uchungu na wengine kwa sifa, na wote nawaona wana haki. Mimi nilibomoa nyumba yangu mwenyewe nikabeba milango kichwani, nikajenga tena kwenye mstari, nyumba ya nne kutoka ofisi ya kijiji. Mtani akapewa kiwanja mstari wa nyuma yangu. Alisema ni mara ya kwanza Msagara kuona Mnyamwezi analala nyuma ya nyumba yake asikimbilie porini.

Shida ilikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka sita, mkubwa wa wanangu wawili. Kule kwetu kwa zamani alikuwa anaongea mpaka unamwomba apumzike. Tulipohamia kijijini akafunga mdomo. Ndani ya nyumba anasema; akivuka mlango, hata shikamoo inatoka kwa kunong'ona, na kwetu mtoto asiyetoa shikamoo ya kusikika anamtia mzazi aibu. Watoto wakicheza, yeye amekaa chini ya upenu, amekumbatia magoti. Na ukimwacha dakika moja anaondoka. Anakwenda mahame, kule tulikohama. Zaidi ya saa nzima kwa miguu, peke yake, anapita kwenye matete ambamo hata mimi nilikuwa napita nikiimba kwa sauti ili nyoka wajue. Tunamkuta amekaa pale palipokuwa jiko letu, juu ya mafiga, anasubiri. Mara ya tano mama yake alisema basi.

"Baba watoto, mtoto huyu atakuja kuliwa na kitu. Nampeleka kwa mama, Vidunda."

"Vidunda mlimani kule? Tutamwona lini?"

"Bora nimwone kwa nadra akiwa mzima."

Nikaomba nafasi. Akanipa mpaka Sabasaba. Siku hiyo kaka yake angekuja na lori, na kama mtoto hajatulia, anapanda lori. Alishaanza hata kufunga kifurushi chake: magauni mawili, sahani yake ya bati, na kanga ya kujifunika. Kifurushi kikakaa juu ya sanduku, na kila nikiingia ndani nakiona.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Ilikuwa imeamuliwa kwamba watoto nao wawe na uwanja wao wa kuchezea, wenye vitu vya kuchezea, kwa nguvu zetu wenyewe. Akauliza nani ana ujuzi. Nikanyoosha mkono. Safari hii nilijua naulizwa nini.

Kitu cha kwanza tulichotengeneza kilikuwa cha kutelezea. Tulipata bati nene lililong'oka ubavuni mwa lori, tukalilaza juu ya nguzo, tukalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa ukaweza kujitazama meno. Hakuna kati yetu watu wazima arobaini aliyefikiria jua. Mtoto wa kwanza alipanda saa sita mchana akiwa na kaptura iliyochakaa nyuma. Aliteleza robo ya njia, akasimama wima katikati ya bati, akamaliza safari kwa kukimbia, kisha akapitiliza mpaka mtoni. Kamati ikakaa. Ikaamua bati litelezewe kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya mvua. Mtani akasema sawa, na mchana litumike kukaangia mihogo.

Cha pili kilikuwa bembea, na hiyo niliikusudia kwa ajili ya binti yangu, sioni haya kusema. Kulikuwa na mkwaju wenye tawi lililonyooka kama mkono wa askari wa barabarani. Kamba nilisokota mwenyewe, nyuzi tatu juu ya tatu, nene kama kifundo cha mkono wangu. Kilichobaki ni kikalio. Ubao ungewapiga watoto vichwa. Nikataka tairi.

Shemeji yangu, yule kaka wa mke wangu, alikuwa dereva wa lori la kubeba miwa Kidodi. Akaniambia tairi lipo, lilimpasukia kwenye barabara kuu kule mbugani Mikumi akaliacha kando, kama nataka twende. Nikasema twende, na huyu mtoto aje aone wanyama. Ilikuwa siku ya kwanza katika maisha yangu kutoka na mtoto kwa matembezi tu. Kwetu mtoto ulitoka naye kwenda shamba, au hospitali, au msibani.

Tulibanana watatu mbele ya lori, miwa michache imebaki nyuma. Baada ya mji wa Mikumi nchi inafunguka, nyasi na vilima kwa mbali, na wanyama wenyewe wamesimama, swala kama watu waliokuja mkutanoni, na twiga watatu karibu kabisa na barabara. Shemeji akazima injini. Binti yangu akatazama muda mrefu.

"Baba, hawa nani kawahamishia hapa?"

"Hawakuhamishwa. Kwao ni hapa."

"Wote?"

"Wote."

"Yule mrefu mbona anaangalia nyuma?"

Shemeji akasema, "Anaangalia mahame," na akacheka peke yake.

Mbele kidogo tukalikuta tairi. Lakini lilikuwa na wenyewe. Nyani kama ishirini walikuwa wamelizunguka, na katikati yake, pale penye tundu, amekaa nyani mmoja mkubwa, mikono juu ya mpira, kama mwenyekiti anayesubiri akidi itimie. Shemeji akapiga honi. Nyani akatazama pembeni. Nikashuka na fimbo. Nyani akanionyesha meno. Nikarudi ndani ya lori nikafunga na kioo.

"Amekaa kwenye bembea yangu," binti akasema. Alisema "yangu", nami nikajifanya sikusikia nisije nikaharibu.

Shemeji akapanda nyuma, akarusha muwa mmoja mbali. Wadogo wakaukimbilia. Mkubwa hakusogea. Akarusha wa pili, karibu zaidi. Nyani yule akautazama muwa, akalitazama tairi, akatutazama sisi, akashuka taratibu kama mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mimi nikaruka, nikalibeba tairi nikikimbia kinyumenyume, na nyani mdogo mmoja akaninyakua kofia. Binti yangu akacheka. Alicheka mpaka akapata kwikwi, na kwikwi hiyo ikatufikisha nyumbani.

Nikadhani nimeshinda. Kesho yake nikalifunga tairi kwenye mkwaju, nikamwita mtoto ajaribu. Mwenyekiti akaja mbio.

"Simama hapo hapo, ndugu! Hii ni mali ya kijiji. Haipandwi mpaka izinduliwe."

"Mwenyekiti, ni mtoto mmoja tu, ajaribu kamba."

"Akipanda wako, wa mwenzio asipande kwa nini? Mgeni rasmi atatoka wilayani, Sabasaba. Mpaka hapo, hakuna."

Na hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Alikuwa na barua na alitaka kuifuata. Basi bembea ikazungushiwa kamba, ikawekewa mlinzi kwa zamu, na kwa wiki tatu watoto wa kijiji kizima wakawa wanakwenda kuitazama ikisukumwa na upepo. Zamu yangu ya ulinzi ilipofika nilimlinda mwanangu mwenyewe asikalie bembea niliyomtengenezea. Siku ya pili yake akaenda tena mahame. Mama yake aliongeza tu kitana kwenye kile kifurushi.

Sabasaba ikafika. Watoto wamepangwa mistari tangu saa mbili, wameoga, wamepakwa mafuta, wanaimba. Shemeji kaja na lori, kaliegesha karibu na ofisi, uso umeelekea barabara ya kuondokea. Mke wangu kasimama na mdogo mgongoni, kifurushi mkononi. Tukasubiri mgeni rasmi. Saa nne. Saa sita. Nyimbo zikaisha, zikaanza upya. Mtoto mmoja akaanguka kwa jua, akapelekwa kivulini, na kivuli pekee kilikuwa cha mkwaju, akafukuzwa asiguse kamba. Saa nane shemeji akaniambia kwa upole, "Shemeji, mimi lazima nifike Vidunda kabla ya giza. Ile njia ya mlimani unaijua."

Mke wangu akamshika mtoto mkono. Mtoto akatazama bembea, akatazama chini.

Na hapo mtani akatokea katikati ya watu. Kavaa koti lake la msibani. Akainua ile kamba ya kuzungushia kwa fimbo yake, akapita chini yake, akajitumbukiza kwenye tairi, miguu juu, na mkwaju wote ukalia.

"Mzee!" mwenyekiti akapiga kelele. "Haijazinduliwa!"

"Nimefia hapa," mtani akasema. "Nizikeni hapa hapa."

"Shuka, mzee wangu, mgeni anakuja!"

"Mgeni ni mimi. Nimekuja kutoka Tabora, na nimefika kabla ya wako."

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Yeye kwao ni kwingine, hana utani na Wanyamwezi wa kumjibu nao, na mtani hagombezwi. "Ni wako huyu. Mtoe."

Mimi nilikuwa na hasira, nasema kweli. Kwa mara ya kwanza katika urafiki wetu nilitaka kumvuta mtu yule miguu. Wiki tatu mwanangu amezuiwa, lori linasubiri, halafu mzee mzima anakalia tairi nililolitoa kinywani mwa nyani! Nikamsogelea.

"Mtani, si leo."

"Ehe, Msagara kakasirika! Jamani njooni muone! Babu yake alituona na mizigo akapanda mti, huyu ametengeneza mti wa kupanda na kamba juu. Nisukume basi, kamba imara hii au ya kufungia kuku?"

Watu hoi. Kamba juu ikalia tena, kri, kri. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

Ilikuwa sauti kubwa. Kijiji kizima kikageuka kutafuta imetoka kwa nani, maana wengi hawakuwahi kuisikia. Binti yangu alikuwa amemwachia mama yake mkono, kasimama ndani ya uzio wa kamba.

"Marahaba, mtani mdogo."

"Shuka. Utaikata kamba ya baba."

"Sishuki."

"Wewe ni mzito."

"Nimeshiba mihogo ya kwenu. Sishuki."

Akafikiri. Naujua ule uso, ni wa mama yake. Akageuka, akaenda mpaka kwenye lori la mjomba wake, akachomoa kipande cha muwa, akarudi akiwa amekishika kwa nyuma.

"Mikumi kulikuwa na nyani amekalia hili tairi," akasema, polepole, kila mtu asikie. "Naye alikataa kushuka. Mjomba akampa muwa, akashuka. Wewe unataka muwa?"

Jamani. Nimekaa duniani miaka mingi, sijasikia kicheko kama kile. Mwenyekiti alishika goti. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Shemeji alikuwa anapiga honi badala ya kucheka. Na mtani, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa maneno kutoka Kimamba mpaka Kidodi, aliutazama muwa, akatutazama sisi. Akanyoosha mkono akapokea muwa.

"Nimeitwa nyani na mtoto wa Msagara," akasema. "Basi nisukume kwanza, nishuke na heshima."

Binti akamsukuma. Mzee hakusogea hata shibiri. Akageuka akawaita watoto wenzake, wale aliokuwa hajawahi kusema nao, kwa mkono, njooni, na mistari yote ya mgeni rasmi ikavunjika. Walimsukuma ishirini kwa pamoja, mzee akaenda juu koti linapepea, akipiga kelele za Kinyamwezi ambazo hatukuomba tafsiri. Bembea ilipopunguza mwendo mtani akauliza, na mimi nilikuwa karibu, nilisikia:

"Mtani mdogo, wewe si ndiye unayerudi mahame kila siku?"

"Ndiyo. Na wewe kwenu wapi?"

"Mbali. Magharibi huko, kwa treni."

"Unarudi lini?"

"Mwakani."

"Mwakani ndiyo lini?"

Mtani aliburuza viatu chini mpaka bembea ikasimama, akajitoa kwenye tairi kwa shida, mguu mmoja, kisha wa pili.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka uzinduzi. Mwenyekiti alijaribu hotuba, akaona bora asaidie kusukuma upande wa pili. Binti yangu ndiye aliyekuwa akipanga zamu. Wewe nyuma. Wewe umeshapanda, usinidanganye. Sauti yake imeshaanza kukwaruza. Mjomba wake akaja kumwambia lori linaondoka, akajibiwa, "Mjomba, subiri zamu yako," na kweli shemeji akapanga mstari, na funguo za lori mkononi. Mke wangu alikaa kwenye nyasi, akafungua kifurushi, akatoa ile sahani ya bati, akampa mdogo achezee. Hakunitazama. Nami nilijua nisimtazame.

Nilimtafuta mtani nimshukuru, au nimtukane, vyote ni kimoja. Nikamwona ameshafika mwisho wa uwanja, anakwenda upande wa reli, ile ya kwenda kwao Tabora, mikono kaiweka nyuma, mwendo wa mtu anayekwenda kujisaidia. Nikamwita, "Mtani! Mbona unawakimbia watoto?" Akapunga mkono bila kugeuka, akapita kwenye matete, akapanda tuta la reli, akateremka upande wa pili. Hakurudi tena.